Kesi ya Nywele za Fundi

Kwetu Kianjokoma, mtu akiwa wakili watu wanataka kujua mambo mawili tu: kama anaweza kuwagawia shamba ndugu waliogombana, na kama anaweza kumtoa mtu selo kabla ya chakula cha mchana. La kwanza silifanyi, na la pili nalifanya vibaya. Kazi yangu ni kuishtaki serikali inapomtendea mtu kama mbuzi. Nilipomweleza mama hivyo kwa mara ya kwanza alikuwa anachuma majani chai, akauliza kama serikali yenyewe inajua kwamba mimi ndiye ninayeishtaki. Nikamwambia inajua, jina langu liko kwenye karatasi zote. Akaendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa. Jumapili iliyofuata aliniombea kanisani kwa sauti, akanitaja pamoja na wagonjwa.

Baba, mwalimu mstaafu, ni mtu wa siasa zaidi. Akiulizwa ninafanya nini, husema niko korti ya Meru, kisha hugeuza mazungumzo haraka kuelekea bei ya kahawa.

Ofisi yangu iko mjini Meru, orofa ya kwanza, juu ya agroveti, duka la dawa za mifugo. Ngazi inanuka dawa ya kupe. Mzee mmoja aliwahi kupanda akaniwekea mezani kinyesi cha ndama ndani ya kikopo, akidhani mimi ndiye daktari, na nilipomwambia kwamba ninatetea haki za binadamu alinitazama kwa huruma, akafunika kikopo chake akashuka. Mawakili wenzangu wa orofa ile wanashughulika na mashamba na ajali za barabarani. Wana magari mazuri na vitambi vya kutosha. Mimi waliniita Mama Katiba, na hawakuwa wananisifu.

Aliyenifanya nijulikane zaidi ya nilivyotaka ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mwenye karakana yake Muthara. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mke na binti, na alikuwa amefuga rasta tangu alipomaliza shule. Zilikuwa zimefika kiunoni. Akiwa kazini alizifunga kwa kitambaa zisiingiwe na cheche. Nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyenitengenezea madirisha ya ofisi, na katika wiki nzima ya kazi ile sikumsikia akisema maneno yanayojaa kijiko.

Basi siku moja akaingia ofisini na mkewe. Yeye alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi, ingawa jua lilikuwa kali. Mkewe alikuwa amebeba mfuko wa karatasi, ule wa unga wa ugali. Waliketi. Mke akaufungua mfuko na kuumimina mezani pangu, na zikatoka rasta, nyingine ndefu kama kamba ya kufungia ng'ombe, zikiwa bado na vumbi la soko.

"Tulifikiria utazihitaji," mke akasema.

Walinieleza kwa zamu, mke akizungumza zaidi. Chifu wa lokesheni yao, moja ya zile za upande wa Tigania ambayo sitaitaja, alikuwa ametoka semina. Walikuwa wamewekwa hotelini, wakapewa kuku na kalamu, wakaambiwa warudi nyumbani wakapambane na utovu wa usalama. Chifu alirudi akiwa amejaa moto. Wauzaji wa pombe haramu walijulikana lokesheni nzima, hata watoto wa nasari wangeweza kukupeleka mlangoni, lakini hao walikuwa na marafiki, na baadhi yao ndio waliokodisha hema za baraza. Ilibidi uhalifu utafutwe mahali pengine. Ukapatikana kichwani mwa fundi.

Ilikuwa siku ya soko. Fundi alikuwa amepeleka geti la mteja, akapita karibu na baraza akiwa na binti yake. Chifu alikuwa anahutubia juu ya vijana walioharibika. Akainua macho, akamwona, akamwita mbele kama mfano. Fundi akaenda kwa sababu ameitwa na chifu, na watu wetu wakiitwa na chifu huenda. Askari wawili wakamkalisha kwenye kreti ya soda. Mtu mmoja akaleta makasi ya kunyolea kondoo. Chifu mwenyewe ndiye aliyekata, akiwaeleza wananchi kila hatua, kama mtu anayefundisha kupogoa kahawa. Watu wakapiga makofi. Binti hakupiga makofi. Tangu siku ile, mama yake alisema, mtoto akimwona mtu mwenye kombati kama ya chifu huingia nyuma ya sketi ya mama.

Nilimuuliza fundi anataka nini.

"Nataka mtu amuulize ni nani alimwambia anaweza," akasema.

Habari ilienea katika orofa yetu kabla sijamaliza kuandika ukurasa wa kwanza. Mawakili walikuja mlangoni mmoja mmoja kuuliza kama ni kweli nina nywele za mtu kwenye kabati. Jina la Mama Katiba lilikufa, nikawa Wakili wa Kinyozi. Watu hao hao walisomea taaluma ambayo hadi juzi mtu hakuweza kusimama mbele ya jaji bila kuvaa nywele za farasi kichwani, nao wakayaita hayo heshima ya mahakama. Lakini rasta za fundi ndizo zilizowachekesha hadi wakashika mbavu.

Mmoja wao, mzee aliyenilea kazini nikiwa mgeni, alinipa ushauri wa dhati. Alisema kesi ya nywele tupu ni dhaifu. Korti hupenda dini. Nimwambie mteja wangu aseme yeye ni Rasta wa imani, hata kama ni kwa muda wa kesi tu, na mambo yatakuwa mepesi. Nilimfikishia fundi ushauri huo kwa sababu ni wajibu wangu kumweleza mteja njia zote zilizopo. Alishtuka kuliko alivyoshtuka, nadhani, wakati wa makasi.

"Madam, mimi naimba besi kanisani," akasema. "Nikidanganya hapo ndio nipate haki, Jumapili nitasimama na wenzangu aje? Nywele ni yangu. Hiyo haitoshi?"

Nikaandika kesi hivyo hivyo: nywele ni zake. Niliyapamba maneno kidogo kwa vifungu vya katiba ili yafanane na kazi ya mtu aliyesoma.

Nilipokwenda nyumbani Krismasi hiyo, mama alikuwa ameshasikia. Alinipakulia chakula, akangoja nishibe, kisha akasema chifu kama yule akiletwa Kianjokoma akina mama watamchinjia jogoo. Nikamuuliza kama angependa chifu amnyoe kaka yangu kwa nguvu. Akasema kaka yangu hana haja ya kunyolewa, ana upara. Mazungumzo yakaishia hapo, na mpaka leo sijui nilishindwa vipi.

Majibu ya serikali yalipokuja nilifunga mlango nikayasoma peke yangu, kwa raha. Wakili wa serikali alikuwa kijana nadhifu aliyekuwa na mafaili mengi kuliko alivyoweza kusoma. Kiapo cha chifu kilisema kwamba siku hiyo hakuwa barazani. Kikasema pia kwamba fundi alinyolewa kwa hiari. Aya iliyofuata ikaeleza kwamba unyoaji huo ulikuwa huduma ya bure kwa manufaa ya afya ya umma, na kwamba mlalamishi alionekana kufurahi. Sikupata kuelewa chifu, ambaye hakuwako, aliionaje furaha hiyo.

Bahati yetu ilikuwa kwamba chifu alijipenda. Jioni ile ile ya baraza alikuwa ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp la lokesheni, yeye katikati, makasi mkononi, rasta moja imening'inia kama samaki aliyevuliwa, na chini yake ameandika kwamba operesheni ya usafi imeanza. Mjumbe mmoja wa kundi hilo, aliyekuwa na yake dhidi ya chifu kuhusu mpaka wa shamba, alinitumia picha hiyo bila hata kuombwa. Haki hupita njia za ajabu.

Kisha tukangoja. Jaji alikwenda likizo. Faili likapotea masijala, likapatikana, likapotea tena. Karani akazikataa nywele kama kielelezo kwa kuwa hazikuwa na mahali pa kupigwa muhuri, kwa hiyo kila tulipokwenda kortini nilizibeba mwenyewe ndani ya mfuko wa unga, na kila mara mlinzi wa langoni aliniambia niuache nje kwa sababu chakula hakiruhusiwi. Fundi alikuja kila siku ya kesi akiwa amevaa suti ya harusi yake. Hakulalamika. Alikaa kwenye benchi akitazama mageti ya korti kwa jicho la kazi, na mara moja akaniambia bawaba zimechomelewa vibaya.

Siku ya chifu kuhojiwa, ukumbi ulijaa. Alikuja na kombati iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na kifimbo kwapani. Askari wa korti akamwomba akiache kifimbo. Bila kile kifimbo hakujua mikono aiweke wapi, na hilo lilinisaidia zaidi ya vitabu vyangu vyote.

Nikamwonyesha picha, nikamuuliza kama huyo ni yeye. Akaitazama, akakubali kwamba uso ni wake. Nikamuuliza kuhusu mkono. Mkono pia ulikuwa wake. Nikamuuliza kuhusu makasi.

"Hayo nilikuwa nimeshikia mtu."

Jaji akainua kichwa, akataka kujua ni mtu gani.

"Mwananchi, Mheshimiwa," chifu akasema. "Mwananchi mwenye kondoo."

Watu wakacheka hadi karani akapiga meza. Jaji, ambaye naye kichwani hakuwa na kitu cha kukata, aliandika jibu hilo polepole sana, akiwa ameuma mdomo.

Nilimuuliza chifu ni sheria gani inayomruhusu kumkata mtu nywele. Akasema ni sheria ya nidhamu. Nikaomba anisaidie nisome kifungu chenyewe. Akasema hiyo si ya kusoma, hiyo iko tangu zamani, kila mtu anaijua. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Mimi mwenyewe nina rasta, zile nyembamba zinazosukwa saluni kwa siku nzima huku makalio yakifa ganzi. Nusu ya mawakili wa kike wa mji huu wanazo. Zangu zilikuwa zimefungwa kisogoni. Nikazifungua zikaanguka mabegani.

"Na hizi zangu," nikamuuliza, "ningepita karibu na baraza lako ungezikata?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angempiga mke wa kasisi.

"Hizo si rasta, wakili. Hizo ni staili."

"Tofauti ni nini?"

"Wewe ni mtu wa ofisi," akasema.

Alisema kwa heshima kabisa. Alidhani ananisifu. Kutoka benchi la nyuma nikamsikia mke wa fundi akivuta pumzi kupitia meno. Nikasema sina swali lingine, maana hata ningekuwa nalo lisingefika pale alipofika mwenyewe.

Hukumu ilisomwa kwa njia ya mtandao, kama wanavyofanya siku hizi ili watu wasisumbuke kusafiri kwenda kusikia kwamba imeahirishwa. Nilikwenda Muthara nikaisikilize na fundi. Tukaiegemeza simu yangu kwenye geti lililokuwa halijapakwa rangi. Majirani wakasogea. Kinu cha posho cha jirani kilikuwa kinanguruma, mke wa fundi akaenda kuomba kizimwe, na mwenye kinu akakizima, akaja yeye pia na wateja wake, wote weupe kwa unga. Jaji akasoma kwa muda mrefu. Akafika kwenye neno lenyewe, akasema korti inaona kwamba haki ya mlalamishi ya kuheshimiwa kama binadamu ili, kisha mtandao ukakatika.

"Ili nini?" fundi akauliza.

Hakuna aliyejua. Nikampigia karani, hakushika. Nikampigia yule wakili wa serikali, akashika, na kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufungua faili lingine akaniambia kwamba ilikiukwa. Tumeshinda. Nikawatangazia. Mwenye kinu akapiga makofi, akarudi kusaga. Fundi aliketi juu ya chuma chake. Alivua kofia ambayo, nje ya ukumbi wa korti, sikuwahi kumwona bila yake tangu siku ile ya mfuko, akajipapasa kichwa, akaivaa tena.

Korti ilimpa fidia, ambayo serikali italipa ikipenda. Ikaamuru pia aombwe radhi hadharani katika baraza. Hilo la pili ndilo fundi alilolitaka. Lakini kufikia siku yenyewe chifu hakuwako tena. Wakubwa wake hawakukasirishwa na unyoaji, walikasirishwa na gazeti lililoandika habari hizo, kwa hiyo walimhamisha akapelekwa mbali kaskazini, mahali ambapo baraza lake lingekuwa la ngamia. Radhi ikasomwa na kaimu chifu, mwanamke mwenye haraka. Alisoma kwamba ofisi inasikitika iwapo kuna mtu yeyote aliyehisi kwamba nywele zake hazikutendewa inavyostahili. Akakunja karatasi, na bila kupumua akawahimiza vijana wote waliohudhuria wajinyoe vizuri wapate kazi.

Diwani akafuata, ambaye katika kesi yote hatukuwahi kumwona hata kwa mbali, akaeleza jinsi alivyopigania jambo hili usiku na mchana. Mchungaji akafunga kwa maombi, akamshukuru Mungu kwa kizazi kisafi. Fundi akaitwa aseme neno. Alisimama akasema, "Nimesikia. Asanteni," akaketi.

Baadaye tulikula kwa mama yake, bibi mnyoofu, mkulima wa maharagwe na viazi, ambaye alinipa sahani iliyojaa kuliko za wageni wote. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumtetea mwanawe. Kisha akainama karibu na sikio langu, akauliza kama katika hukumu hiyo hakuna mahali panapomkataza kuzifuga tena.

Swali hilo nilimpelekea fundi aliponisindikiza hadi kwenye gari. Alisema hatazifuga. Nilihuzunika, nadhani kwa ajili yangu zaidi kuliko yeye, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona picha ya ushindi kichwani mwangu, naye ndani yake ana nywele.

"Zamani ilikuwa nywele tu," akasema. "Sasa ikiota, itakuwa ya kesi. Watu watakuwa wananiangalia kichwa waone katiba. Mimi nilitaka kukaa tu na nywele yangu, madam."

Sheria niliyosomea Nairobi kwa jasho la majani chai ya mama inajua kurudisha shamba, hata kazi. Haijui kumrudisha mtu asiwe mfano.

Ningeishia hapa, lakini miezi michache baadaye mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia chifu. Alikuwa na koti la kiraia lililompwaya. Kaskazini kulikuwa kumemkondesha. Alisimama mpaka nikamwambia aketi, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema amekuja kwa shida. Alihamishwa, akasema, bila barua ya kumtaka ajieleze wala kikao. Walimpigia simu tu asubuhi wakamwambia afungashe. Ana shinikizo la damu, ana mke, ana ng'ombe wa maziwa. Mtu hawezi kuamuliwa maisha yake namna hiyo.

"Hata hawakuniuliza, wakili," akasema. "Mimi pia si nina haki?"

Nilitamani sana kumwambia hana. Nilimuuliza kama yeye alimuuliza fundi. Alitazama dirishani, yale madirisha aliyoyatengeneza fundi, akasema ile ilikuwa operesheni. Nikamwambia sitagusa faili lake kabla sijazungumza na mteja wangu.

Nilikwenda Muthara kesho yake. Fundi alikuwa anachomelea kitanda. Akazima mashine, akainua kioo cha macho, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, kwanza kidogo, halafu akalazimika kushika ukuta. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

"Mchukue," akasema. "Nilitaka tu ajue vile mtu anasikia." Akafikiri. "Lakini yeye mlipishe."

Nikamchukua, na ninamlipisha. Kesi yake bado inaendelea, yaani inaahirishwa. Jaji amekwenda likizo, faili limepotea mara moja. Chifu huja mapema kuliko mawakili, na amejinunulia nakala yake ya katiba, ile ndogo ya mfukoni, ambayo amepigia mistari kwa kalamu nyekundu. Huketi kwenye benchi la ukumbini akiwafafanulia akina mama wenye kesi za mashamba kwamba nchi hii imeoza, kwamba wakubwa wanawatendea watu kama mifugo, na kwamba mwananchi asiyejua haki zake ataonewa. Wanamsikiliza wakitikisa vichwa. Juma lililopita alinisimamisha mlangoni kabla hatujaingia, akanifungulia ukurasa, akanieleza kwa upole kwamba kifungu nilichokitaja kwenye ombi lake si chenyewe.

Niliangalia. Kilikuwa chenyewe. Lakini alikuwa na furaha sana ya kunisahihisha, nikamwambia nitalifikiria, tukaingia.